Boti Iliyokohoa

Mashine ikakohoa tena, ikapiga chafya, ikanyamaza. Boti ikabaki inazunguka katikati ya maji kama beseni lililoponyoka mkononi.

"Usinifanyie hivyo, bibie," nahodha aliibembeleza mashine. "Leo siyo siku yake."

Huyo nahodha ni shemeji mtu, ndugu wa mume wa Mama Funika. Abiria wake ni wawili tu: Mama Funika mwenyewe na kitinda mimba wake, binti wa darasa la pili, aliyelazwa mapajani kifua kikipiga filimbi. Pumu ilimkamata tangu alfajiri. Dawa ya kuvuta imekwisha, na zahanati ya kisiwani haina mtungi wa hewa. Hospitali iko ng'ambo. Jengo lake jeupe lilionekana kabisa, ungedhani ukinyoosha mkono utaligusa.

Jina la Mama Funika alipewa na mawifi. Zamani kifungua mimba wake alikunywa mafuta ya taa yaliyoachwa wazi, akapona kwa kudra tu, na tangu siku ile mama huyu haachi kitu wazi. Sufuria, ndoo, chupa ya dawa, hata mtungi wa jirani akiupita anaufunika. "Ukipiga mwayo nyumbani kwake," mawifi walicheka, "utafumbwa mdomo."

Naye hujibu, "Chekeni tu. Kilichofunikwa hakiui mtoto wa mtu."

Shemeji alikwisha fungua plagi, akazifuta kwa pindo la shati, akazijaribu. Cheche ipo. Akafuata waya mmoja mmoja kwa vidole, kama anayetafuta chawa. Hakuna uliokatika.

"Shemeji, fanya kitu."

"Nafanya, shemeji! Unaniona nacheza bao hapa?"

"Mtoto kucha zinageuka rangi."

Shemeji alichomoa mpira wa mafuta, akafungua chujio, akalimulika juani atafute maji. Petroli ilikuwa safi kama machozi. Akarudisha kila kitu, akaminyaminya pampu ya mkono, akavuta kamba. Mashine ikanguruma! Boti ikainua pua, upepo ukawapiga usoni, jengo jeupe likasogea.

"Umeona?" shemeji akapiga kelele. "Nilikwambia!"

Hata furaha haijatua kifuani, ikakohoa.

"Ingekuwa imekufa moja kwa moja ningejua ilikofia," alisema, sauti imempasuka. "Hii inakufa na kufufuka. Asubuhi nimeiwasha imeimba kama kinanda, wewe shahidi. Tumefika nje kidogo tu, imeanza."

Kweli, mwanzoni iliimba. Taabu ya mwanzoni ilikuwa nyingine: harufu. Tangi la petroli lilikuwa chini ya benchi, miguuni pa Mama Funika, na harufu kali ndiyo adui mkubwa wa mwenye pumu. Mtoto alianza kukunja uso hata kabla pwani haijapotea.

"Mama, inanibana."

"Naisikia, mwanangu. Ngoja." Akainama, akapatengeneza pale chini, akatandika shuka juu ya tangi. Harufu ikakata. Mtoto akatulia, na mama akamshukuru Mungu kwamba walau hilo moja limewezekana.

Sasa hata lile moja halikusaidia. Filimbi ya kifua ilikuwa inapungua nguvu, na kila mama anajua kwamba filimbi ikipungua siyo lazima iwe nafuu.

Shemeji akachomoa mpira tena. Chujio tena. Pampu, kamba, ngurumo, kikohozi, kimya. Safari hii akaipiga mashine kwa spana, kisha akakaa sakafuni akashika kichwa. Kasia lilikuwa moja, na mkondo ulikuwa unawarudisha walikotoka.

"Itukane kama itasaidia," Mama Funika alisema huku analia. "Lakini usikae. Nakuomba, baba, usikae."

Alijikaza, akakanyaga chini ili amwinue mtoto wima apate pumzi. Kisigino chake kikagusa tangi kupitia shuka. Lilikuwa limebonyea mbavu, kama mtu aliyeshinda na njaa. Uzee wa plastiki, akawaza, na akalisahau.

"Labda mafuta yenyewe yamekwisha," shemeji alinong'ona, ingawa alilijaza mwenyewe. Akatambaa mpaka kwenye benchi. "Sogeza miguu."

Akavuta shuka, akalitupa kando. Akalitazama tangi. "He!"

Akapeleka mkono kwenye kifuniko, akazungusha kitu kidogo pale juu. Tangi likavuta pumzi. Lilivuta kwa nguvu, kwa muda mrefu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, na mbavu zake zikatoka nje, pwaa!

Shemeji akaminya pampu, akavuta kamba mara moja. Mashine ikaimba. Boti ikachapa maji kuelekea ng'ambo, na safari hii haikukohoa.

"Mashine haina kosa lolote!" alipaza sauti akiwa kwenye usukani, anacheka na machozi yanamtoka. "Tangi lilinyimwa hewa tu! Lina kijiskrubu pale juu ya kifuniko, ukikikaza tangi haliwezi kupumua, na mafuta hayaendi! Nilikilegeza pwani kwa mkono wangu mwenyewe! Nani amekikaza?"

Mama Funika alikitazama kijiskrubu, kisha mwanawe. Filimbi ya kifua haikusikika tena. Labda ilimezwa na ngurumo ya mashine. Hakuthubutu kuinama asikilize.

Akaokota shuka, akamfunika mwanawe vizuri mpaka kidevuni. Vidole vyake vilinuka petroli.