Uvimbe wa Baba Mkwe

Fimbo ilimponyoka mzee, naye akaanguka matopeni. Bupe akasahau mila, akageuka.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke hamtazami baba mkwe. Mzee akikohoa tu, Bupe alikuwa anageukia migomba mpaka apite. Huko chuoni Dar walimsifu kwa kazi yake ya kukokotoa kwenye kompyuta jinsi uvimbe wa saratani unavyokua. Hapa Lufingo alikuwa mkamwana tu, tena mwenye adabu.

Sasa akauona. Ulikuwa chini ya taya, mkubwa kama parachichi, ngozi yake imevutika mpaka inang'aa.

"We mkamwana! Huna haya?" mama mkwe alifoka, huku akimwinua mumewe.

"Mama, hiki kitu kilianza lini?"

"Kilikuwa kama harage ulipoolewa. Kwani hukukiona? Nilitaka twende hospitali, mzee akakataa. Akasema, mkwe wangu kazi yake ndiyo hiyo, anakuja kila Krismasi, kingekuwa kibaya angetuambia. Ukanyamaza, nasi tukatulia."

Bupe hakuhitaji kompyuta. Wakati ule harage lingetolewa asubuhi, na jioni mzee angekunywa uji wake nyumbani.

Mzee alijifunika uso kwa kofia, kumstahi mkwewe. "Mama," alimwambia mkewe, "hebu mwulize. Kitakwisha lini?"

Mama mkwe alifungua mdomo, lakini Bupe alikuwa ameshapiga magoti kwenye tope, mbele ya mzee.

"Baba," alisema, "mimi sijawahi kukutazama."