Wazi ya Nani?

"Liko wazi!" sauti ya Durk ilipasuka kwenye simu. "Pita, bibie, pita!"

Baukje alikuwa ameibana simu kwa bega, mikono yote miwili kwenye usukani. Nyuma yake baba yake, mzee Hessel, alijilaza kwenye benchi, kiganja kifuani, uso umepauka kama unga. Maumivu yalimvamia katikati ya matembezi yao ya Jumapili. Gari la wagonjwa lisingeweza kuwafikia kule kwenye malisho na matete. Waliambiwa walikute ng'ambo ya daraja la kijiji, na wasichelewe, maana moyo wa mzee hautangoja.

"Wazi ya nani, Durk?" Baukje akapiga kelele.

Swali la ajabu, labda, kwa asiyewajua hawa wawili.

Durk ndiye aliyeliendesha daraja lile, daraja la kuinuka na kushuka. Baukje ndiye aliyekuwa akiunda programu mpya ya kompyuta ya kuyaongoza madaraja yote ya jimbo. Tangu majani yaanze kuchipua alikuwa akishinda kwenye kibanda cha Durk, akinywa kahawa yake chungu na kumsikiliza. Aliamini programu nzuri huongea kama wanavyoongea wenye kazi yao. Shida ni kwamba wenye kazi walikuwa wengi, na kila mtu na mdomo wake. Kwa watu wa ofisi ya barabara, daraja likiwa "wazi" maana yake limelala chini, magari yapite. Kwa Durk, daraja likiwa "wazi" maana yake limeinuka juu, na mwenye gari abaki hapohapo alipo, ale mkate wake.

Hilo Baukje alilijua kwa kuumbuka. Kwenye jaribio la kwanza aliliacha neno moja litumike pande zote mbili, na lori la maziwa likatumbukia mferejini. Kwenye skrini tu, lakini Durk alipiga makofi kama yuko mpirani.

"Hongera, mhandisi! Bata wote leo wanakunywa chai ya maziwa!"

Basi akaigawa programu yake. Upande wa barabara ukabaki na lugha yake, upande wa Durk na yake, na mpakani akaweka mkalimani asiyesinzia. Skrini ikatulia. Midomo ya watu ndiyo haikutulia. Siku hizi Durk, sijui kwa utani, sijui kwa kutaka kumfurahisha, alikuwa ameanza kusema kama watu wa ofisi. "Najifunza lugha ya lami," alimwambia juzi. "Usinicheke."

Alicheka sana siku ile. Leo hakuwa na cha kuchekea.

"Durk! Nakuuliza, wazi ya nani?"

Simu ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena.

"Baukje," mzee akaita kwa pumzi fupifupi. "Punguza."

"Nikipunguza tutachelewa, baba."

"Na usipopunguza? Chombo chenyewe hakina breki, unajua." Mzee akajaribu kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Mama yako alinikataza kukinunua. Alisema kitaniua. Usimpe ushindi, mwanangu."

"Tulia, baba. Usiongee."

"Nisipoongea utadhani nimekufa."

Kona ya mwisho ilikuwa inakaribia, na baada ya kona ni daraja, hakuna nafasi ya kubadili mawazo. Alishika gia. Angeirudisha nyuma sasa hivi, wangepona kugonga, na baba yake angeishia hapo kwenye benchi.

"...kwangu!" Durk akaibuka simuni. "Unanisikia? Ya kwangu, bibie! Siyo ya lami!"

"Una hakika?"

"Naapa kwa kahawa yangu!"

"Kahawa yako mbaya, Durk! Apa kwa kitu kingine!"

"Kwa mama yangu, basi! Ni wazi yangu mimi, siyo ile uliyonicheka! Njoo!"

Simu ikamponyoka, ikaanguka miguuni. Baukje hakuinama kuiokota. Hakurudisha gia nyuma.

Kona ikafunguka. Mbele yao taa nyekundu zilikuwa zikimwekamweka, vizuizi vimeshushwa, magari yamesimama foleni. Mwanamke mmoja alikuwa ametoka nje ya gari lake. Alipoiona ile kasi wanayokuja nayo, alijishika kichwa kwa mikono miwili. Na daraja lenyewe lilikuwa limesimama wima, lami yake ikitazama mawingu.

"Binti," mzee Hessel akanong'ona, "Durk huyu ni yule anayekupenda, au ni mwingine?"

"Fumba macho, baba."

Mzee akafumba. Baukje akabonyeza honi kwa nguvu, akaisukuma gia mbele mpaka mwisho.

Mlingoti wa mashua yao ukapita katikati ya daraja bila kugusa kitu, na pale gatini muuguzi mwenye koti la manjano akanyoosha mikono kuidaka kamba.