Kitabu Ndani ya Kompyuta

Karimi, mjukuu wangu, alibonyeza kitufe kimoja, na kitabu kizima cha lugha ya kompyuta kikafunguka pale pale alipokuwa akiandika. Kwenye skrini, mwanamume mwenye miwani alikuwa akimpima kama anafaa kuajiriwa.

Mimi nilikuwa nyuma yake, namenya waru, viazi vya chakula cha mchana. Shuleni kwetu, aliyefungua kitabu wakati wa mtihani alichapwa mbele ya wote.

"Karimi!" nikapaza sauti. "Unaiba mtihani mbele ya mwalimu? Funga hicho kitabu!"

Karimi akafumba macho.

"Huyo ni nani?" mwanamume akauliza.

"Ni cucu wangu."

"Mwambie cucu hicho kitabu ndicho nilichotaka kuona. Nani alikiingiza humo?"

"Ni mimi," Karimi akasema polepole. "Huku Timau mvua ikinyesha mtandao unapotea. Nilikiweka ukurasa kwa ukurasa, miezi mitatu, ili mtu asome bila mtandao."

Miezi hiyo mitatu nilikuwa nikiwaambia akina mama wa kanisa kwamba anacheza tu.

Ganda refu la waru lilikuwa bado linaning'inia kwenye kisu.

"Cucu," Karimi akaniita bila kugeuka, "njoo umsalimie."

Nikajipangusa mikono kwa leso, mara mbili, na bado sikuinuka.