Dakika Kumi za Kijivu

Fundi wa mtandao wa hospitali alibofya "Hamisha". Vifaa arobaini vya mtandao vya wodi ya wagonjwa mahututi vikatoka kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa ikivichunga, vikakabidhiwa kwa mpya. Kwenye skrini yake vyote vikageuka kijivu.

"Tulia, dada," mwenzake alisema. "Hiyo mpya itaanza kuvisoma baada ya dakika kumi."

"Na kimoja kikizima kabla ya hapo?"

"Hatutajua. Lakini kizime leo, saa hii hii?"

Mama yake fundi alikuwa amelazwa wodi hiyo. Fundi alipanda ngazi mbili mbili.

Nje ya wodi alifungua kabati la nyaya. Kisanduku kinachopeleka mapigo ya mioyo ya wagonjwa hadi mezani kwa nesi hakikuwa na taa hata moja. Alikigusa. Kilikuwa bado na joto.

Akasukuma mlango. Nesi alikuwa akiandika, ametulia tuli.

"Leo wagonjwa wamenionea huruma," nesi alisema akitabasamu. "Dakika hizi chache kengele haijalia hata mara moja."

Fundi alitazama skrini ya nesi. Mistari yote ya mapigo ilikuwa imeganda.

"Mama!" aliita, akikimbilia pazia la kitanda cha mwisho.