Arusi ya Kiboko na Maji ya Bamvua

Haya, sikilizeni ya Kiboko na jirani yake Kaa. Mto wao ulikuwa mmoja ila nchi mbili, na jiwe kubwa katikati ya maji ndilo lililokuwa mpaka. Upande wa bara alitawala Kiboko. Kila asubuhi alijisaidia mtoni, akautawanya uchafu kwa mkia, akauaga kwa wimbo. Upande wa pwani alikaa Kaa, na huko chaza walikufa midomo wazi, na wanawe walijikuna hadi magamba yakabanduka.

Kaa akapanda mto kulalamika.

"Mzee Kiboko, uchafu wako unatuulia watoto."

"Wangu? Ukishavuka jiwe si wangu tena. Tafuteni mwenyewe huko huko kwenu." Kiboko akapiga mwayo. "Lakini usinune, jirani. Namwoza binti yangu alasiri ya mwezi mpevu, wageni warudi na mbalamwezi. Njoo ule."

Kaa alijua vizuri bahari inavyokuwa siku ya mwezi mpevu. Ila hakuulizwa.

"Siku nzuri hiyo," akasema. "Nitakuja."

Siku ikafika. Pilau imepakuliwa, bibi arusi ameketi ukingoni, mara maji ya bamvua yakaingia. Bahari ikafura, ikausukuma mto kinyumenyume, ikarudisha uchafu wote hadi mapajani mwa bibi arusi.

"Kaa!" Kiboko akafoka, kinyesi kikimning'inia masikioni. "Ondoa uchafu wenu!"

Kaa alikuwa kileleni mwa jiwe, mkavu, na sahani yake. Akamaliza tonge kwanza.

"Wetu? Si umeshavuka jiwe, mzee? Tafuteni mwenyewe huko huko kwenu."