Mlezi wa Ukutani

Sheria ilitaka kila anayetoka wodi ya wagonjwa wa akili arudi nyumbani na Mlezi, kijisanduku cha ukutani cha kumchunga asije akajiua. Cha Salha kilikuwa na akili za kuku na kiburi cha mkubwa wa ofisi. Siku ya kwanza alikata vitunguu, machozi yakamtoka, kikaita gari la hospitali. Tangu hapo mama yake akawa anapika mchuzi bila kitunguu, mchuzi ambao hata paka aliususa.

Asubuhi moja mama aliingia na chai, akampita bintiye kitandani, akakisogelea kijisanduku.

"Mwanangu kaamkaje?"

"Kaamka salama," kikajibu.

"Alhamdulillahi," akasema mama, akatoka.

Salha, aliyekesha akiangalia dari kwa macho makavu, alibaki kinywa wazi, jibu lake likiwa bado ulimini.