Kutu ya Baba Mkwe

Kiti cha dereva kiling'oka pamoja na kiota cha panya, na ndani ya kiota vitoto vyekundu, vibichi, havina hata unyoya. Bi Sabuni akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta wa gereji.

"Mungu wangu! Tupa! Tupa hicho kitu nisije nikatapika hapa!"

Jina la Bi Sabuni alipewa na majirani, kwa sababu alikuwa anaosha mpaka kamba ya kuanikia nguo. Yeye mwenyewe alilipenda. Sasa jamani, huyu ndiye mtu wa kuletewa gari bovu la marehemu baba mkwe? Lilikuwa gari dogo la spoti la Kiingereza, viti viwili, paa la turubai, na lilikuwa limekaa uani kwa mzee miaka nenda rudi likiliwa na kutu. Mzee alimwachia mwanawe wa kiume. Binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimshikia spana tangu utotoni, hakuachiwa hata bisibisi.

Bi Sabuni angelichoma moto siku ya kwanza kama si ule msafara. Kila mwaka chama cha magari ya kale huzunguka mjini, wake za wanachama wamekaa mbele, miwani mikubwa usoni, wanapungia watu mikono. Baba mkwe alikuwa mmoja wa waanzilishi, na nafasi yake ilikuwa imewekwa kwa yeyote atakayelifikisha gari lake. Bi Sabuni aliitaka nafasi hiyo mpaka akawa anaiota.

"Nitakaa humo," alimwambia mumewe, "lakini sikai kwenye uchafu wa mtu."

Fundi alijaribu kumtetea mgonjwa wake. "Mama, hii kutu ni ya juu juu. Inasuguliwa, inaisha."

"Umenisikia nikisema sugua? Nimesema toa."

Basi fundi akatoa, na pa kila kilichotoka akaweka kipya. Vilitoka viti, ikatoka milango, likatoka boneti, ikatoka na bodi yenyewe. Usukani ulikuwa na weusi wa mikono ya mzee, mafuta na jasho vimegandamana. Bi Sabuni aliushika kwa vidole viwili, uso ameugeuzia kando, akautupa nje. Na kila kilichotupwa nje kilimkuta wifi yake anasubiri na mkokoteni.

Hilo ndilo lililomtia kinyaa kuliko panya wote. Mwanamke mzima, dada wa mumewe, anakumbatia kiti kinachonuka mikojo ya panya!

"Wifi, hivi huna kazi? Unaokota takataka kama kunguru."

"Hili ni jasho la baba, wifi."

"Basi lirambe!"

Wifi alifunga mzigo kwa kamba, akasukuma, akaenda zake. Kesho yake alikuwa pale pale.

Ilipofika zamu ya injini, iliyokuwa ikitema mafuta meusi kama kohozi, Bi Sabuni aliamuru iletwe nyingine. Mwisho kabisa ikatolewa mifupa ya chini, ile chasisi yenyewe, kwa kuwa imeliwa pembeni na yeye hakutaka kulala nyumba moja na kitu kilichooza. Siku hiyo wifi alisimama kidogo kabla ya kupakia.

"Nikichukua na hii, hamtakuja kudai baadaye?"

"Tudai?" Bi Sabuni alicheka mpaka akashika ubavu. "Fundi, na wewe mume wangu, mnisikie wote. Kila tulichotoa humu ni chake. Akirudisha hata nati moja, nammwagia maji ya moto!"

Mumewe hakucheka. Alishika upande mmoja wa chasisi, akamsaidia dada yake kupakia. Tangu hapo alizoea kwenda kumsalimia dada yake, na kila akirudi kucha zimejaa grisi. Bi Sabuni alimpokea mlangoni na brashi, akimlaani wifi kwa kuishi kama nguruwe.

Gari likaisha. Jekundu, linang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa, linanukia upya mtupu. Kwa mara ya kwanza pua ya Bi Sabuni ilipumzika.

Asubuhi ya msafara walilipeleka kwenye uwanja wa chama. Mkaguzi, mzee mwenye ovaroli nyeupe, alikuwa na historia yote kichwani. "Gari hili mwalimu wa muziki ndiye aliyelishusha melini. Akamuuzia daktari wa meno. Daktari akamuuzia baba yenu." Kisha akalala chali, akaingia chini na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Akatoka, akafungua boneti, akalifunga taratibu.

"Zuri sana," alisema. "Ni la nani?"

"La nani tena? La baba mkwe wangu!"

"Hapana, mama. Chasisi siyo, injini siyo, bodi siyo. Sioni hata namba moja ya lile gari. Hili limezaliwa juzi kwa fundi."

"Lile lilikuwa limeoza!"

"Lilioza, ndiyo. Na ndilo lililokuwa lenyewe."

Getini kitu kikakohoa. Watu wakageuka. Kiliingia kimefunikwa na moshi, cha kahawia kwa kutu, mlango mmoja umefungwa kwa waya, na wifi ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Mkaguzi akainama, akasoma namba kwenye chasisi, akanyooka huku anatabasamu.

"Mmiliki wa nne," alisema, "karibu kwenye msafara."

Harufu ikamfikia Bi Sabuni. Akaziba pua kwa kiganja, akageuka kumwambia mumewe waondoke. Mumewe hakuwepo ubavuni pake. Alikuwa ameshauruka ule mlango wa waya, amekaa kwenye kiti cha pili, wala hakukipangusa kwanza.